Senti Kumi Iliyobonyea

Mbuvi fundi wa saa alikuwa mtu mgumu kupendwa asubuhi. Najua, kwa sababu hoteli yangu ya chai ilitazamana na meza yake mjini Nyeri miaka yote ile, na sikumbuki hata siku moja aliyosema chai yangu ni nzuri. Sukari ikizidi alisema. Maziwa yakichelewa kutoka Tetu nami nikaongeza maji kidogo, alionja, akaweka kikombe chini taratibu, akasema, "Murugi, leo ng'ombe yako ilikunywa maji mingi." Wateja walicheka, mimi nikanuna, naye akarudi kuinamia saa ya mtu kana kwamba hakusema kitu.

Alikuwa Mkamba wa Kangundo. Mkewe Mwikali alilima kule kwao na kuja Nyeri shule zikifungwa, akiwa na watoto na gunia la mbaazi, na siku ya kwanza tuliyokutana alinishika mkono akanipa pole. "Pole ya nini?" nikamuuliza. "Ya huyu," akasema, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. Tulipatana tangu siku hiyo.

Meza ya Mbuvi ilikuwa kwenye veranda ya duka la vitambaa. Juu yake palikuwa na kisanduku cha kioo chenye saa zilizokufa, koleo ndogo ndogo, chupa ya mafuta, mizani ya kupimia dhahabu, na ile lenzi nyeusi ya mafundi saa ambayo aliibana kwenye jicho la kulia mpaka uso ukakunjamana upande mmoja. Mizani aliipata kwa sonara mmoja wa Nairobi aliyemfundisha kazi. Sonara huyo alikuwa na ugonjwa wa kukusanya sarafu zilizotoka kiwandani zikiwa na kasoro, na akamwambukiza mwanafunzi wake. Mbuvi hakuwa na uwezo wa kukusanya chochote, kwa hiyo yeye alibaki na macho tu. Macho hayo aliyaringia, tena sana.

Kwa muda mrefu hakuna aliyeyahitaji. Halafu mwaka 1970 ikasemekana kwamba mhudumu wa hoteli moja ya wageni alimwuzia mtalii shilingi yenye kasoro, akapata hela za kununua ng'ombe wa maziwa. Mimi sikuiona shilingi hiyo, wala ng'ombe, na kila aliyenisimulia alikuwa amesikia kwa shemeji ya mtu. Lakini habari ilifika Karatina, ikapita Kerugoya, ikateremka mpaka soko la Kagio, na watu wazima ambao zamani hawakutazama hela mara mbili wakaanza kuzigeuza geuza juani kama akina mama wanaochagua maharagwe.

Wa kwanza kuja walikuwa na sarafu zilizokosa maandishi. Hela zetu za kwanza baada ya uhuru zilikuwa na picha ya Rais peke yake upande mmoja, bila herufi za kuizunguka. Zilipotoka za mwaka 1969 zikiwa na maandishi, watu waliziangalia zile za kwanza wakaamua kwamba kiwanda kilisahau. Nyeri nzima ikawa tajiri kwa muda mfupi. Wanaume wazima walizifunga kwenye leso, wakamwendea Mbuvi wakinong'ona, naye akawajibu kwa sauti iliyofika mpaka kwangu jikoni: "Hii si makosa. Zote za miaka hiyo ziko hivyo. Enda ununue sukari."

Walipokwisha hao, wakaja wenye majeruhi. Nasema majeruhi kwa sababu ndivyo Mbuvi mwenyewe alivyoziita. Kulikuwa na sarafu zilizochomwa na moto wa jikoni zikatoka malengelenge, zilizolowekwa kwenye maji ya betri mpaka zikakonda, zilizobanwa na vaisi ya fundi juu ya sarafu nyingine ili zipate herufi za kinyume. Wengine waliokota tu kwa nia njema. Wengine walikuwa na mafuta ya gereji vidoleni bado.

Konstebo Khisa, mtu wa Bungoma aliyekuwa kituo cha Kiganjo, alileta shilingi ya zamani ya East Africa iliyokuwa pana kuliko zote tulizowahi kuona. Alikuwa mpole sana, na aliiweka mezani kwa mikono miwili.

"Afande, umetoa wapi hii?" Mbuvi akauliza.

"Niliokota tu. Karibu na reli."

"Basi umejijibu. Hii imekanyagwa na treni. Kule kiwandani sarafu inapigwa muhuri ikiwa ndani ya pete ya chuma, haiwezi kutambaa nje. Hii imetambaa kama chapati. Angalia hata huyu simba wa kwa picha amenona."

Khisa alicheka mpaka kofia ikaanguka. Aliwaagizia watu wote waliokuwepo chai na mandazi kwangu, na siku zote baadaye akiwa Nyeri alipita kumsalimia simba wake, kwa maana alimwachia Mbuvi ile shilingi kwenye kisanduku. Si wote waliokuwa na moyo kama wake. Hezekiah, mchuuzi wa nyanya kutoka Kagio, alileta senti kumi ya zamani isiyo na tundu. Nyinyi mliozaliwa juzi hamjui: senti kumi za mkoloni zilikuwa za shaba, kubwa, na zilikuwa na tundu katikati. Kukosa tundu kungekuwa jambo kubwa kweli kweli.

Mbuvi aliigongesha mezani, akasikiliza. Akaibana lenzi jichoni. Halafu akachukua sindano, akabonyeza katikati, na kipande cha madini ya risasi kikadondoka mezani kama jino.

"Umeniharibia!" Hezekiah akapiga kelele.

"Mimi? Ni wewe uliharibu. Kama ingekuwa haina tundu tangu kiwandani, hapa kati chuma ingekuwa moja na hiyo ingine, na sauti yake ingelia. Hii imenyamaza kama mtu ameziba mdomo na ugali."

Hezekiah aliondoka akimwita mchawi. Nilimwambia Mbuvi kwamba siku moja atapigwa, na kama atapigwa asije kumwaga damu kwangu kwa sababu nimetoka kupiga deki. Alikuwa akisugua ncha ya sindano yake kwa kitambaa, amefurahi.

Ya kweli niliiona mara moja tu. Mwalimu mmoja wa Kerugoya aitwaye Monicah alileta senti hamsini iliyomegwa pembeni, na mimi mwenyewe ningeapa imekatwa na tupa. Mbuvi aliitazama mpaka chai yake ikapoa, na hilo lilikuwa jambo geni.

"Mwalimu," akasema, "hii ni ya kiwanda."

Akamwita, akaniita na mimi, tukachungulia kwa zamu. Alitueleza kwamba vile vipande vya duara hukatwa kwenye ukanda mrefu wa chuma, na ukanda usiposogea vizuri, kipande kinachofuata kinatoka kimeliwa pembeni. Kikiwa vile vile kimeliwa kinakwenda kupigwa muhuri. "Sasa angalia hizi herufi karibu na hapo. Zimevutwa, zinafifia zikienda kwa pengo. Na huku ng'ambo, ukingo ni dhaifu, kwa sababu chuma haikupata kitu ya kuisukuma. Ukikata na tupa nyumbani, herufi inakatika katikati ya mwili, na ukingo wa ng'ambo unabaki na nguvu. Unauliza tu swali moja: hii kitu iliumia lini? Kama iliumia kabla ya muhuri ama chini ya muhuri, ni makosa ya kiwanda. Kama ni baadaye, imeumizwa tu."

Kutoka siku hiyo jina lake likatoka nje ya Nyeri. Akisema ni ya kiwanda, ni ya kiwanda. Akisema imeumizwa, hata uipeleke kwa padri, imeumizwa. Na hapo ndipo Waithira wa Giakanja alipokuja.

Nilimfahamu Waithira kama wanawake wote wa upande wetu walivyomfahamu. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha mabati. Miaka ile akina mama walichanga kidogo kidogo, wakanunua mabati, wakaenda nyumba kwa nyumba kumwondolea kila mmoja wao nyasi kichwani, na Waithira alisimama chini akiwaelekeza mafundi kwa kijiti, akiwatukana kidogo. Mumewe Gatimu alikufa mwaka 1966. Hakumwachia kitu kikubwa: shamba dogo, mikahawa, na senti kumi ya zamani ambayo Waithira aliibeba kwenye fundo la leso popote alipokwenda.

Aliifungua mezani kwa Mbuvi. Ilikuwa imebonyea katikati kama kisahani.

"Fundi, Jumamosi tuko na harambee ya shule, pale kwetu. Ile shule ya upili tunajenga. Mimi nimesema nitatoa hii iuzwe kwa mnada. Sasa Mutahi, mwenyekiti wa kamati, ameniambia nilete kwako kwanza. Ati watu wa Nairobi wakikuja wasiseme tunawauzia takataka."

"Na wewe unasema ni nini?"

"Si mimi nasema. Gatimu ndiye alisema. Aliniambia ilitoka kiwandani ikiwa hivi. Na Gatimu hajawahi kunidanganya. Hata siku moja." Alikuwa amesimama wima, mkoba kifuani. "Ndugu yake, Wamae, ameniambia mbele ya watu kwamba nilichezewa akili na bwana yangu miaka hii yote. Ati hiyo ni senti mtu amegonga na jiwe. Sasa sitaki pesa ya mtu. Nataka Jumamosi Wamae asikie kwa mdomo yako, mbele ya hao hao watu, kwamba Gatimu hakuwa mwongo."

Mbuvi akabana lenzi. Akaigeuza. Akaipima. Akaitazama tena kwa ubavu, akiielekeza kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nimeacha sufuria na nimesimama mlangoni, na nilimjua vya kutosha kujua kwamba alikuwa amekwisha kuona, na kwamba sasa alikuwa akitafuta pa kupitia.

"Mama, niachie mpaka Jumamosi," akasema. "Nitaileta mimi mwenyewe Giakanja."

Waithira alitabasamu kwa uso wote. Alimpa mkono, akaja kwangu, akanywa chai, akasema ni chai nzuri kuliko zote za mjini, akaenda zake akiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Nilivuka kwenda kwa Mbuvi kabla Waithira hata hajakata kona. "Haya. Sema."

"Si ya kiwanda."

Nilikuwa nimejua, lakini nilitaka anionyeshe. Akanionyesha. Sarafu inayobonyea kiwandani, alisema, ni ile inayoganda kwenye muhuri na kupigwa tena na tena juu ya nyingine, kwa hiyo kingo zake husimama sawa pande zote na herufi hupanuka mpaka zinakuwa hazisomeki. Hii herufi zake zilikuwa nzima, za ukubwa wake, zimekunjwa tu. Ukingo ulikuwa umeinama pande mbili zinazoelekeana, na pande nyingine mbili haukuinama. Tundu lilikuwa limesukumwa na kitu kinene. Na ndani ya tarakimu za mwaka 1950, ambazo Waithira hakuwahi kuzisugua akiogopa kuharibu thamani, kulikuwa na lami nyeusi na kutu ya chuma.

"Hii ilikuwa washa, Murugi, ile ya kubana msumari, na lami ni ya kuziba mvua. Ilikuwa juu ya bati, chini ya kichwa ya msumari. Imekunjwa na mgongo wa bati."

"Basi nyamaza. Sema ni ya kiwanda. Nani atajua?"

"Mimi."

"Na wewe ni nani? Wewe ni Mkamba mmoja na lenzi! Yule mama hana kitu kingine kwa ile nyumba isipokuwa neno la bwana yake, na wewe unataka kumnyang'anya kwa sababu ya lami!"

"Sitaki," akasema. Sauti yake ilikuwa chini. "Nani amekuambia nataka?"

Nilikasirika, na sioni haya kusema kwamba mpaka leo naona nilikuwa na haki ya kukasirika. Siku zilizobaki nilimpelekea chai bila kumtazama. Nilimwekea maji mengi makusudi. Alikunywa yote na hakusema neno, na hapo nikajua kwamba naye alikuwa anaumia.

Jumamosi tulipanda basi moja kwenda Giakanja, kila mtu kiti chake, mimi na masufuria yangu kwa maana nilikuwa nimeombwa kupika chai ya wageni. Uwanja ulikuwa umejaa. Madarasa mapya yalikuwa yamesimama kuta za mawe bila paa. Mbuzi wa kutolewa walikuwa wamefungwa kwenye ua, kuku miguu juu, ndizi, magunia ya viazi, na kwaya ya akina mama ikiimba kila mgeni aliposhuka garini. Mutahi alikuwa na kipaza sauti na alikuwa amekipenda mno. Alikwisha kutangaza mara nyingi kwamba leo kuna sarafu ya ajabu, na kwamba mtaalamu wake amefika kutoka mjini. Wamae alikuwa ameketi mstari wa mbele, mguu juu ya mguu, fimbo mapajani.

Mbuvi hakwenda kwa Mutahi. Alimfuata Waithira, akamwomba wakutane nyuma ya darasa. Mimi nikaacha chai na msaidizi nikawafuata, kwa sababu niliona mwanamke asiachwe peke yake na ukweli wa Mbuvi.

"Mama," akasema, "nilitaka nikuambie kabla hawajakuita. Hii sarafu haikuzaliwa hivi."

Waithira akamtazama.

"Kiwandani ilitoka ikiwa nzima. Iliumia baadaye."

"Unamwita Gatimu mwongo?" Hakupaza sauti. "Leo? Hapa? Umepanda basi kutoka Nyeri kuniletea hiyo?"

"Gatimu mimi simjui. Sarafu ndiyo najua. Hii ilikuwa juu ya nyumba ya mabati. Ilikuwa washa ya msumari."

"Nyumba gani ya mabati? Sisi mabati tumepata juzi, baada yeye amekufa. Kabla ya hapo hakuna mtu alikuwa na mabati kilima hii yote, isipokuwa..."

Huko mbele kwaya ikaanza wimbo mwingine. Waithira akaketi juu ya jiwe la kujengea.

"Isipokuwa shule," akasema.

Alitusimulia akiwa ameangalia chini. Kabla mkoloni hajatangaza hali ya hatari, wazazi wa upande wao walijenga shule yao wenyewe, isiyokuwa ya misheni wala ya serikali. Mabati walinunua, misumari wakanunua, pesa ya washa ikakosekana. Ndipo wakakubaliana kila nyumba ilete senti kumi moja yenye tundu, na kila baba apande juu apigilie ya nyumba yake. Wanawake walibaki chini na chakula. Waithira mwenyewe ndiye aliyempa Gatimu senti yao, aliyoipata kwa kuuza njahi, yale maharagwe meusi.

"Halafu mkoloni akafunga shule zetu. Wakaambia wanaume wale wale waliojenga: bomoeni. Mabati yakachukuliwa. Mtu akipatikana na kitu ya ile shule, kitabu, hata msumari, anapelekwa kizuizini. Gatimu alirudi jioni hiyo hasemi na mtu. Kesho yake akanionyesha hii. Ati ameokota sokoni. Ati angalia, wazungu wenyewe wanakosea, imetoka kiwandani ikiwa hivi. Nikaipenda. Nikaifunga kwa leso."

"Hakukuambia?" nikauliza.

"Angeniambia nini, mwari? Baadaye yeye alipelekwa kizuizini, sisi tukasukumwa ndani ya vile vijiji vya mitaro. Siku moja walitupanga mstari, wakatupekua. Wakafungua leso yangu. Mkubwa wao akaniuliza, hii ni nini, imetoka wapi? Kando yangu mama mwingine alikuwa na ukurasa wa daftari ya mtoto wake tu, alipigwa mpaka akabebwa. Mimi nikamwangalia yule askari machoni nikamwambia, imetoka kiwandani hivyo, bwana yangu aliniambia. Sikuogopa. Nilikuwa nasema ukweli! Akacheka, akaitupa kwa matope. Nikaiokota."

Mikono yake ilikuwa imekamata magoti. Ghafla akakasirika, na hasira hiyo haikuwa yetu. "Lakini uhuru ulikuja! Alirudi, tukalala nyumba moja, tukala sahani moja, miaka ilipita na hakuna askari wa kuniuliza. Mbona hakuniambia? Nilikuwa namwonyesha kila mgeni, yeye ameketi pale pale anakunywa uji, ananiangalia tu!"

Mimi nilikuwa na majibu kadhaa, na kwa mara moja katika maisha yangu niliyameza. Labda mtu aliyezoea kunyamaza miaka ile hakujua pa kuanzia. Labda alipenda tu kumwona akijivuna.

"Mama," Mbuvi akasema, "bwana yako alikuwa wa mkono wa kushoto?"

Waithira akainua kichwa. "Nani amekuambia?"

Mbuvi akamwekea sarafu kiganjani. Alimwonyesha kutu: ilikuwa imetiririka upande mmoja tu wa tundu, kufuata mkunjo wa bati, kwa hiyo huko ndiko maji ya mvua yalikoshuka. Mtu hupigilia akiwa ameelekea juu ya paa. Na ukingo wa nyundo uliteleza, ukaacha vijialama vyembamba kama kucha za mtoto. "Wa mkono wa kulia angeacha upande huu. Hizi zote ziko upande ule. Kwa hivyo aliipiga yeye. Hii si senti ya nyumba ingine."

"Nipe hiyo kioo yako."

Alimpa lenzi. Waithira hakujua kufumba jicho moja, kwa hiyo nikamziba la kushoto kwa kiganja changu, na nikasikia kope zake zikipigapiga ndani ya mkono wangu. Alitafuta, akapoteza, akatafuta tena. Halafu akatulia kabisa. Kiganja changu kikalowa.

Kipaza sauti kikamwita. Mutahi alisema sasa ni wakati wa ile sarafu ya ajabu, Mama Waithira na mtaalamu wafike mbele. Waithira hakusogea. Akaitwa tena. Akamrudishia Mbuvi lenzi yake, akajipangusa uso kwa ncha ya leso, akatangulia. Sisi tulimfuata kama watoto waliofanya makosa.

Mutahi alimwelekezea Mbuvi kipaza sauti. Waithira akakichukua yeye. Alisema kwa Kikuyu, na mimi nawaandikia kwa Kiswahili, lakini sijaongeza kitu.

"Wamae," akasema, "ulisema ndugu yako alinidanganya. Ni kweli. Fundi ameiona na ni kweli. Hii haikutoka kiwandani hivi. Ni ile senti kumi yetu ya paa la shule, ile waliyobomoa. Gatimu aliniletea, akanificha ilikotoka, nikaulizwa na askari nikajibu bila kutetemeka kwa sababu sikujua. Alinidanganya, na ndiyo maana niko hai nimesimama mbele yenu."

Hakuna aliyepiga makofi. Wazee waliokuwa wamevaa makoti yao ya kanisani walitazama chini, na mmoja wao akaanza kutikisa kichwa polepole. Wamae aliondoa mguu juu ya mguu. Mutahi, maskini, alikuwa bado ameshika kijitabu cha mnada, akauliza kwa sauti ndogo bei ianzie wapi.

"Haiuzwi," Waithira akasema. "Andika mbuzi mmoja, nitamleta kesho."

Akarudi kwenye kiti chake katikati ya akina mama wa mabati, akafunga ngumi juu ya ile senti. Wenzake wananiambia hakulia siku ya kumzika Gatimu. Alisimama kando ya kaburi akielekeza watu. Siku hiyo alilia kwa sauti, akimwita Gatimu kwa jina na kumgombeza mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwambia anyamaze.